Amefufuka, Hawajafufuka, Watafufuka: Sarufi ya Tumaini la Pasaka Mtaani Pipeline

Utangulizi

Juma moja kabla ya Pasaka, jirani yetu wa orofa ya tano alifariki. Alikuwa mwanamume wa makamo, kibarua katika kiwanda kimoja kule Eneo la Viwanda. Jioni ile wapangaji wa ploti yetu walikusanyika langoni, karatasi ya mchango ikazunguka, na mweka hazina akachaguliwa papo hapo. Nilisimama ukutani nikisikiliza jinsi watu walivyokikwepa kitenzi kufa. Mmoja alisema jirani ametutoka, mwingine, ametangulia, wa tatu, amelala. Mwenyekiti wa kikao, kwa urasmi wa kikao, alisema amefariki.

Baada ya sala, mama mmoja muuza mboga, ambaye hunijua kwa kuninunulisha sukumawiki kila jioni, alinigeukia. "Mwanangu," akasema, "wewe unayesoma Kiswahili hadi chuo kikuu, hebu nieleze. Kila Pasaka tunaambiwa habari ya uzima wa milele. Huyu amekufa akidaiwa kodi ya miezi miwili. Huo uzima ni upi?"

Sikuwa na jibu la kumpa usiku ule. Makala haya ni jaribio la kumjibu. Mwandishi si mchungaji wala mwanateolojia. Zana zake ni zile anazozijua msomaji wa jarida hili, yaani mofolojia, semantiki na usomaji makini wa matini. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba Kiswahili, kwa maneno kilichoyateua na kwa njeo kinazozitumia, kimelifasiri tumaini la Pasaka kwa namna inayolizuia lisiwe ndoto ya kuukimbia ulimwengu. Anayelisema kwa Kiswahili sanifu, akiyasikiliza maneno yake mwenyewe, hujikuta amelisema kwa ajili ya mwili, ya jirani na ya leo.

Mtaa usio na makaburi

Pipeline ni mtaa wa Embakasi, mashariki mwa Nairobi, na jina lake linatokana na miundombinu ya bomba la mafuta iliyo karibu. Mgeni hutambua upesi sifa yake kuu: majumba marefu ya kupangisha yaliyobanana hata jua la mchana huhitaji msaada wa balbu ndani ya vyumba vingi. Familia nzima huishi katika chumba kimoja. Choo na bomba la maji hutumiwa na wapangaji wa orofa nzima. Na maji yakikatika, mitungi ya njano hupandishwa ngazi kwa mabega. Wakazi wengi ni wahamiaji kutoka Magharibi, Nyanza, Ukambani na Mlima Kenya, waliofuata ajira za viwandani, za ujenzi na za uwanja wa ndege.

Jambo moja halionekani kwa macho kwa kuwa halipo: Pipeline haina makaburi. Mtu huishi hapa miaka ishirini, lakini akifa husafirishwa. Lugha yenyewe hukiri jambo hili. Chumba cha Pipeline huitwa nyumba, lakini mahali anakozikwa mtu huitwa nyumbani, na ile silabi moja ya -ni huweza kumaanisha safari ya kilomita mia nne. Uzito wa tofauti hiyo ulidhihirika kwa taifa zima katika kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika karibu na Nairobi, nao ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mahakama ya Rufani iliamua kwa upande wa ukoo Mei 1987, na maiti ikazikwa baada ya miezi mitano ya mabishano.

Kesi ile ilifundisha kwamba kwa Wakenya wengi mwili wa marehemu si ganda lililotupwa baada ya roho kuondoka. Mwili una haki, una madai, una mahali pake. Jamii inayofikiri hivi haiwezi kuridhishwa na habari ya roho kuelea tu mbinguni. Nayo imani ya Kikristo ya Pasaka haidai hivyo. Inadai ufufuko wa miili.

Kufufua: kitenzi kinachokitendua kifo

Tuanze na kitenzi chenyewe. Mwanafunzi wa mofolojia anazifahamu jozi kama funga na fungua, ziba na zibua, fumba na fumbua, tata na tatua. Kiambishi -u- katika kauli ya kutendua hulirudisha tendo kinyumenyume: kilichofungwa kikawa wazi, kilichozibwa kikapitisha hewa. Sasa liweke neno fufua kando ya mfu, wafu na ufu. Sikio la mzawa husikia humo undugu wa maumbo, na husikia pia ule ukinyume: kufufua ni kuutendua ufu. Wala jozi ya fukia na fukua haiko mbali. Kaburi hufukiwa, kilichofukiwa kinaweza kufukuliwa.

Kutokana na fufua tunapata fufuliwa na fufuka, na hapa madhehebu yetu yamegawana kauli pasipo kugombana. Ufufuo, neno lililozoeleka zaidi miongoni mwa Waprotestanti, limeundwa kutokana na kauli ya kutenda, na hivyo hutukumbusha kwamba yupo anayefufua. Ufufuko, linalopendwa na Wakatoliki, limetokana na fufuka, na hutuelekeza kwenye hali ya aliyefufuka. Mafundisho ya Agano Jipya yanazihitaji kauli zote mbili, kwani mara husema Mungu alimfufua Yesu, mara husema Yesu alifufuka.

Neno la tatu ni kiyama. Tafsiri ya Biblia iitwayo Union Version, iliyotoka mwaka 1952, hulitumia katika sura ya 15 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, mahali ambapo Paulo anajadili suala hili kwa kirefu zaidi. Neno hili limetujia kutoka Kiarabu kupitia Uislamu. Katika mazungumzo ya kila siku limebaki na maana ya kutisha: kukitokea ajali kubwa, watu husema ilikuwa kiyama. Hata hivyo, asili yake ni kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kusimama. Kiyama ni siku ya waliolala kusimama. Hofu tumeiongeza sisi.

Ni vyema tukumbuke ushirika huu wa maneno. Mmishonari Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa mji, na Julai mwaka huo huo alimzika mkewe, Rosine, pamoja na binti yao mchanga, upande wa bara wa Mombasa. Mtu aliyekuwa akitafuta neno la Kiswahili la kumweleza Mungu alikuwa na kaburi jipya nyuma yake, na Mwislamu msomi mbele yake. Roho, dhambi, injili, msalaba, tumaini na kiyama ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Uzima, wafu, mkombozi na fufua yana asili ya Kibantu. Tumaini la Pasaka kwa Kiswahili lina wazazi wawili.

Njeo za tumaini: -me-, -ja- na -ta-

Salamu ya Wakristo asubuhi ya Pasaka hujengwa juu ya kitenzi kimoja: amefufuka. Mwanafunzi wa sarufi na ajiulize, kwa nini si alifufuka? Tukio linasemwa kutokea takriban miaka 2,000 iliyopita, na kwa kawaida tukio la kale kiasi hicho hudai -li-.

Jibu limo katika tabia ya -me-. Ukisema mtoto alisimama, umeeleza jambo lililopita. Huenda sasa ameketi. Ukisema mtoto amesimama, unamwona mbele yako kwa miguu yake. Vitenzi vya hali, kama kulala, kuketi, kuchoka na kusimama, vikipewa -me- hueleza tendo lililotimia ambalo matokeo yake yangalipo. Kwa hiyo amefufuka haisemi tu kwamba kaburi lilikuwa tupu siku moja. Inasema kwamba aliyefufuka yu katika hali hiyo hadi sasa. Mwumini anayeitamka katika kanisa la mabati au katika chumba cha chini cha ploti iliyokodishwa kwa ibada amekiri habari ya leo, hata kama hajui jina la njeo aliyoitumia.

Lakini vipi kuhusu jirani yetu? Hapa sarufi inatutaka tuwe wakweli. Yeye hakufufuka siku ya tatu. Paulo mwenyewe hakuliogopa umbo hilo la kukanusha. Alikubali kwamba kama Kristo hakufufuka, imani yote haina kitu. Ila ipo tofauti kubwa kati ya hawakufufuka na hawajafufuka. Kiambishi -ku- hufunga mlango. Kiambishi -ja- hukiri kwamba jambo halijawa, huku kikiuacha mlango wazi. Mama anayesema mwanangu hajarudi bado ameweka chakula chini ya kawa. Anayesema hakurudi amekwisha osha vyombo. Wakristo huishi katika -ja-. Wafu hawajafufuka. Kati ya amefufuka ya mmoja na watafufuka ya wengi, kuna hawajafufuka ndefu, na humo ndimo yanamotokea maziko yote tunayohudhuria.

Kinachoziunganisha njeo hizi tatu ni neno la mkulima. Paulo anamwita Kristo limbuko la waliolala. Kulimbua ni kuonja mazao ya kwanza ya msimu. Mahindi mawili ya mwanzo yaliyochomwa jikoni si mavuno, lakini ni mahindi kweli, na hakuna anayeyala akashuku kama shamba limezaa. Tangu Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 Kanisa lilikubali Pasaka iadhimishwe Dominika kwa pamoja, na kanuni iliyofuatwa ni Dominika inayofuata mwezi mpevu baada ya ikwinoksi ya Machi. Hivyo katika kalenda ya Magharibi huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili. Kwetu huo ni msimu wa masika. Wazungu husherehekea Pasaka maua yakichanua. Sisi huisherehekea mbegu ikiwa ndani ya udongo na hatujaona kitu. Pasaka yetu, kwa majira yake, ni Pasaka ya -ja-.

Uzima: neno la afya na ukamilifu

Sasa tulikabili swali lenyewe la mama muuza mboga. Watafsiri walikuwa na maneno matatu ya karibu: maisha, uhai na uzima. Maisha hupimwa kwa miaka na hali: maisha magumu, maisha ya mjini. Uhai ni kule kutokufa tu. Hata mti una uhai. Uzima ni zaidi ya hayo. Tunapoulizana kama sote tu wazima, hatuulizi kama tungali tunapumua. Tunauliza kama hakuna kilichovunjika. Kikombe kizima ni kile kisicho na ufa. Mtu mzima ni aliyekomaa. Usiku mzima ni usiku usiopunguka saa. Kigiriki cha Agano Jipya nacho kilitenga zoe na bios, na kikaliteua lile la kwanza kwa jambo hili.

Kwa hiyo uzima wa milele si maisha ya Pipeline yaliyorefushwa pasipo mwisho. Nani angeyataka hayo? Kupanda ngazi na mtungi milele, kudaiwa kodi milele: hiyo ni adhabu. Uzima wa milele ni ukamilifu usiovunjika tena. Katika Injili ya Yohana, Martha wa Bethania anapomlilia nduguye Lazaro, anakiri kwamba atafufuka siku ya mwisho. Yesu anamjibu kwa njeo ya sasa, akijitaja mwenyewe kuwa ndiye ufufuo na uzima. Kisha, kabla ya kumwita Lazaro atoke, analia. Aliyejua atakalolitenda dakika chache baadaye hakuona aibu kulia kaburini. Tumaini halikumwondolea majonzi, wala halikumfanya amkemee Martha kwa machozi yake.

Uzima huu unahusu mwili. Injili zinasimulia kwamba aliyefufuka alikula samaki na kuwaonyesha wanafunzi makovu yake. Jambo hili lina uzito wa pekee upande wetu wa Nairobi. Tarehe 12 Septemba 2011, kilomita chache kutoka Pipeline, mafuta yaliyovuja kutoka kwenye bomba yalishika moto katika kijiji cha Sinai, Mukuru. Watu wapatao 100 waliangamia, wengi wakiwa wameungua kiasi cha kutotambulika na jamaa zao. Ukitangaza ufufuko wa miili mbele ya mjane wa Sinai, ni lazima ujue unachokisema. Paulo alilijibu swali hilo kwa taswira ya mbegu: kinachopandwa hakifanani na kinachoota, na mpanzi hairudii mbegu ile ile aliyoizika. Imani haidai kwamba mabaki yamehifadhiwa. Inadai kwamba mtu hajasahauliwa, hata pale ambapo ndugu zake hawakuweza kumtambua.

Tumaini na presha

Mwanaanthropolojia Mario Schmidt, katika kitabu chake cha mwaka 2024 kuhusu wanaume wahamiaji wanaoishi Pipeline, amelijadili kwa undani neno linalotawala mazungumzo ya mtaa huu: presha. Presha ni kodi ya tarehe tano, ni karo, ni simu za kutoka kijijini, ni matarajio ya kila mtu juu ya mwanamume mwenye kipato kidogo. Nadhani jirani yetu alilijua neno hilo vizuri kuliko mimi.

Kinyume cha presha si pesa. Pesa huja na presha zake. Kinyume chake kimo katika asili ya neno tumaini, linalohusishwa na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutulia na kupata amani ya moyo. Hapo ndipo tumaini linapotengana na tamaa, ambayo huhangaika, na tarajio, ambalo huhesabu siku. Waraka kwa Waebrania unalifananisha tumaini na nanga. Watu wa pwani wanaielewa taswira hii kuliko sisi wa bara: nanga haikitoi chombo baharini. Hukishikilia papo hapo, katikati ya mawimbi yale yale, kisichukuliwe na maji.

Je, si kasumba?

Msomaji mhakiki atauliza kama yote haya si kasumba ya kuwatuliza maskini, kama alivyodai Karl Marx. Swali ni la haki. Yapo mahubiri, hata mitaani mwetu, yanayomwambia mpangaji avumilie nyumba isiyo na maji kwa kuwa mbinguni ana kasri. Yapo pia yanayomwahidi kasri hapa hapa, mradi atoe sadaka kwanza. Mahubiri ya namna zote mbili yanauza uzima kwa bei.

Fasihi yetu kongwe inaweza kutusaidia kupima. Yapata miaka 200 iliyopita, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi akiutazama moyo wake mwenyewe na magofu ya Pate, majumba ya fahari yaliyobaki makao ya popo na wadudu. Funzo lake ni kwamba ulimwengu ni wa kupita na moyo usiutegemee. Mkristo wa Pipeline anaweza kulipokea funzo hilo, lakini hali yake ni tofauti: majumba marefu yanayomzunguka hayajawahi kuwa fahari yake, na hayako matupu. Yamejaa watu. Kumwambia aidharau dunia ni kumwambia asichokuwa nacho. Anachohitaji kuambiwa ni kwamba watu hao waliojaa humo wana thamani isiyokoma.

Na hapo ndipo neno uzima linapokataa kuwa kasumba. Ikiwa Mungu anakusudia mwili uwe mzima milele, basi maji machafu, ngazi zenye giza na moto wa bomba ni mambo yanayopingana na kusudi hilo leo. Mtu hawezi kuungoja ukamilifu wa jirani huku akiridhika na kuvunjika kwake. Tumaini la namna hii huzaa mchango langoni, huzaa zamu ya kukesha na mfiwa, huzaa pia barua ya kudai haki.

Hitimisho

Ijumaa Kuu, Njia ya Msalaba ilipita barabara ya matope chini ya ploti yetu. Siku iliyofuata, virago vya marehemu viliteremshwa ngazi, naye akasafirishwa nyumbani kwao, ambako jamaa zake walikuwa shambani wakipanda. Mchango ulitosha gari na jeneza. Mwenye nyumba alikubali kusamehe kodi ya mwezi mmoja. Wa pili wapangaji waliulipa.

Jumatatu ya Pasaka nilikwenda kununua sukumawiki. Nilimwambia mama yule, kwa ufupi kuliko nilivyoandika hapa, kwamba uzima si urefu wa siku bali ni kutokuwa na ufa, na kwamba Kiswahili kinatufundisha kusema jirani hajafufuka, wala si hakufufuka. Alifunga mboga katika gazeti, akafikiri. "Basi yuko kwenye bado," akasema.

Wanafunzi wenzangu, tumezoea kuvichambua viambishi ubaoni kana kwamba ni mifupa mikavu. Mama muuza mboga alikipokea kimoja, akakitia nyama. Huenda hiyo ni kazi mojawapo ya taaluma yetu: kuwarudishia wenye lugha maneno yao, hasa siku ya msiba, wakati wanapoyahitaji na hawajui kwamba wanayo tayari.